Kifo cha Mustafa na ugomvi wa ukumbi mmoja wa Wete

Wanawake kumi na mmoja wa mtaa mmoja mjini Wete, Pemba, waligawanyika, wengine wakaacha hata kusalimiana, kwa ajili ya mtu aliyenyongwa mwaka 1553. Mtu mwenyewe ni Mustafa, mtoto wa Sultani Suleiman wa dola ya Uthmaniya, na waliyemlilia ni yule wa kwenye tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, ambayo mtaani kila mtu akiiita Sultan tu. Wengi waliokisikia kisa hiki walicheka. Mimi nilikuwepo, na sikuona cha kuchekesha. Niliona mapenzi ya watu wazima, wenye watoto na wajukuu, yakivunjwa na kitu kilichotengenezwa Istanbul na watu wasioijua Wete, na pasiwe na mlango hata mmoja wa kwenda kubisha na kulalamika.

Nakieleza kwa kirefu kwa sababu kila tamthilia kubwa inapomalizika swali lile lile linarudi: kwa nini watazamaji wanakasirika kiasi kile kwa jambo la kutungwa? Naamini ukumbi ule ulinipa jibu. Majina ya wahusika nayaacha. Ndivyo tulivyokubaliana na shangazi, mwenye nyumba.

Karafuu kwanza, televisheni baadaye

Kikundi hakikuanza kwa ajili ya tamthilia. Kilianza kwa karafuu. Msimu ukipamba moto Pemba, karafuu zilizochumwa mchana lazima zichambuliwe usiku ule ule, zitengwe na makonyo, zipate kuanikwa asubuhi. Zikilala rundo huvunda na bei yake inaanguka. Ni kazi ya vidole. Macho na ulimi havina shughuli, na mtu akichambua peke yake usiku kucha hata mwenye subira hulemewa. Basi majirani walizoea kuja kwa shangazi baada ya sala ya Isha, kila mmoja na pakacha lake, wakatandika mikeka ukumbini. Televisheni ilikuwepo pale ukutani. Ikawashwa. Msimu ukaisha, karafuu zikapelekwa kuuzwa, na wanawake wakaendelea kuja kwa sababu tamthilia ilikuwa haijaisha.

Malipo ya kifurushi cha king'amuzi waliyachanga, elfu mbili mbili kila mwezi. Umeme wa TUKUZA, ule wa kulipia kabla ya kuutumia, waliuweka kwa zamu. Mtu aliyekosa hakufukuzwa, lakini alijulikana. Mpango huu wa fedha nautaja mapema kwa sababu ndio uliokuja kuumia wa kwanza.

Kwa wasioijua Pemba, jambo hili la kukaa ukumbi mmoja mbele ya kioo kimoja lina umri. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena ya rangi, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Seti zilikuwa chache na majirani wengi, na shangazi anakumbuka alivyokuwa akitazama kwa kusimama dirishani kwa watu. Umeme nao ulikuwa wa kubahatisha, wa majenereta ya Wesha, mpaka ulipofika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Wanawake wa ukumbi ule wamelelewa katika kutazama pamoja, na katika kukatikiwa pamoja.

Mustafa alikuwa nani kwao

Tamthilia yenyewe nchini Uturuki ilirushwa kuanzia 2011 hadi Juni 2014, sehemu 139. Inamfuata Suleiman tangu anapokalia kiti mwaka 1520, na ndani ya kasri lake inamfuata Hurrem, kijakazi aliyekuja kuwa mke. Katikati ya hayo kuna Mahidevran, mama wa Mustafa, na Mustafa mwenyewe anayekua mbele ya macho yetu mpaka anakuwa mwanamume anayependwa na jeshi na raia.

Ukumbini Mustafa alipendwa kupita wote. Nilisikia mama mmoja akimwombea dua, kwa sauti, kama anavyomwombea mwanawe aliyeko Unguja. Nilipomtazama hakuona haya. Alikuwa amemjua tangu mtoto, alikuwa amemwona akidhulumiwa, akisamehe, akirudi kwa baba yake na mikono mitupu. Na sisi sote, tangu zama za kanda za video, tumekulia kwenye sheria moja: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kuzikwa hai. Hafi.

Nisisitize kwamba wanawake hawa si watazamaji wagumu. Msimu wa mwisho ulipoanza, Hurrem alibadilika sura: Meryem Uzerli aliyemwigiza misimu mitatu aliondoka mwaka 2013, akaingia Vahide Perçin. Ukumbi ulinung'unika siku chache, "Huyu si yeye," kisha ukamkubali. Mtu anayekubali kupewa uso mpya wa mtu aliyemzoea amewasamehe watengenezaji jambo kubwa sana. Kwa hiyo wakikasirika, tusiseme wamekasirika kwa upungufu wa akili.

Hema

Historia iliyoandikwa inasema hivi. Mwaka 1553 Suleiman alikuwa njiani kwenda vitani dhidi ya Uajemi. Alikuwa amejazwa maneno kwamba Mustafa anataka kumpindua, na lawama ya fitina hiyo imekuwa ikiwaangukia Hurrem na mkwewe, Waziri Mkuu Rustem Pasha. Sultani akamwita mwanawe kambini karibu na Ereğli. Mustafa alionywa asiende. Akaenda. Alipoingia hemani kwa baba yake, wanyongaji walikuwa wakimsubiri.

Sasa angalia jinsi hema lile lilivyofika Wete. Nchini Uturuki sehemu moja huchukua saa mbili na zaidi, na hurushwa mara moja kwa wiki. Tamthilia hizi zinapouzwa nje hukatwa vipande vifupi, na idadi ya sehemu inakuwa kubwa mara mbili au zaidi. Mturuki aliyekaa kutazama mwaka 2014 alimwona Mustafa akiingia hemani na kufa katika usiku mmoja. Sisi tulimwona akifika mlangoni, akivua silaha zake, akiinua pazia, kisha majina yakaanza kupanda. Mwandishi wa Istanbul hakupanga tuachwe pale. Ni mkasi wa mtu mwingine kabisa, aliyekuwa akihesabu dakika.

Usiku wa pili wanawake walifika mapema. Mmoja alikuja na watoto watatu kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Kabla ya saa yenyewe, umeme ukakatika mtaa mzima.

Hawakuondoka. Walikaa gizani, taa ya simu moja ikiwa imeelekezwa darini, wakijadili. Pale ndipo alipoingizwa binti ambaye nitamwita binti tu: mpwa wa shangazi, mwanafunzi wa chuo, aliyekuwa likizo. Alikuwa ameshaitazama tamthilia yote kwa Kituruki kupitia YouTube, na wote walilijua hilo. Miezi yote alikuwa ameficha siri vizuri. Usiku ule mama mmoja alimgeukia.

"Mwanangu, we unajua. Niambie tu kama anapona, nende zangu nikalale."

"Usiseme!" wengine wakapiga kelele.

"Miye nataka kujua. Moyo wangu hauwezi."

Binti alimtazama shangazi. Shangazi alikuwa kimya. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba Mustafa ananyongwa, na baba yake yumo mle mle hemani, nyuma ya pazia, anasikia.

Kilichofuata sitakisimulia chote. Lilisemwa neno la malezi yake. Lilisemwa neno la mama yake, ambaye hakuwepo. Mwanamke mmoja alimwambia amemuua Mustafa kwa ulimi wake, na alimaanisha. Ilipofika kesho yake, watatu hawakuja. Mwisho wa mwezi hawakutoa elfu mbili zao. Wawili wengine wakasema kama fulani hatoi na mimi sitoi. Kifurushi kikakatika, na ukumbi ule uliokuwa umejaa kila usiku ukabaki na shangazi, bibi aliye mama yake, na mimi niliyekuwa mgeni.

Maelezo yaliyotolewa, na kwa nini hayakutosha

Mtaani yalizuka maelezo mawili haraka. La kwanza: tatizo ni simu, vijana wanamaliza uhondo. La pili lilitoka kwa mwalimu wa historia, mume wa mmoja wa wale waliosusa. Alisema, "Hii ni tarehe. Imeandikwa kitabuni. Mnagombana na kitu kilichokwisha miaka mia nne na zaidi?"

Yote mawili yana ukweli. Hakuna lililogusa kidonda.

Nianze na la simu. Wale watatu walioondoka waliona marudio mchana wa kesho yake, kila mmoja kwake au kwa ndugu. Niliongea nao wote baadaye. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Ningekuwa sijaambiwa ningefurahi." Walichosema ni kwamba wameonewa. "Miezi yote tunaonyeshwa anaponea chupuchupu," mmoja aliniambia, "kumbe tulikuwa tunapelekwa machinjioni." Maneno haya ni ya mtu anayemshitaki mtunzi. Lakini mtunzi hakuwepo ukumbini. Aliyekuwepo, aliyeujua mwisho kabla ya wengine na aliyeutamka kwa mdomo wake, ni binti.

Hili la mwalimu linahitaji kutazamwa kwa utulivu zaidi, maana lina sura ya busara. Kama kuujua mwisho kungezuia uchungu, Waturuki wasingelia hata chozi. Wao kisa cha Mustafa ni historia ya nchi yao. Lakini sehemu ile iliporushwa kwao Februari 2014, watu walimiminika Bursa, kwenye makaburi ya Muradiye, kumzuru Mustafa aliyelala pale tangu karne ya 16. Wengine walikuwa wakibubujikwa. Walijua tangu skuli kwamba alinyongwa. Kujua tarehe ya kifo na kukaa na mtu miaka mitatu ndipo afe mbele yako havikutani.

Na kuna jambo ambalo mwalimu angelisema lingesaidia, kwa kuwa limo kwenye historia hiyo hiyo. Mwaka 1553 wenyewe, Mustafa alipouawa, jeshi lilighadhibika. Askari walimpenda. Hawakuweza kumgusa Sultani, kwa hiyo hasira yao ikamwendea Rustem Pasha, na Suleiman akamvua uwaziri mkuu ili watulie. (Miaka miwili baadaye alimrudisha.) Mshairi Yahya, aliyekuwa askari pia, akatunga marsiya, shairi la maombolezo, ya Mustafa, na ndani yake hakuogopa kumtia lawamani Rustem. Marsiya ile ikaenea. Yaani watazamaji wa kwanza kabisa wa kifo hiki, waliokuwa kambini hatua chache kutoka hemani, walitaka kitu kile kile walichokitaka wanawake wa Wete: ajitokeze mtu ajibu.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Hasira ya mwisho wa tamthilia hutafuta mtu wa kujibu. Asipopatikana wa haki, hushikwa wa karibu.

Wengine walimshika nani

Nikiangalia visa vya nchi nyingine naona mtafuto huo huo. Uingereza mwaka 1893, mwandishi Arthur Conan Doyle alipomtosa Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi zake, kwenye maporomoko ya maji, wasomaji walikuwa na anwani: jarida lililochapisha hadithi zile. Wengi walivunja usajili wao, wengine wakaandika barua kali. Mwandishi alivumilia miaka, na mwaka 1903 akamrudisha Holmes akiwa hai. Sisemi alifanya vizuri au vibaya. Nasema palikuwa na mlango, na nyuma ya mlango palikuwa na mtu.

Mwaka 2019 ilipomalizika tamthilia ya Game of Thrones, zaidi ya watu milioni moja na nusu walitia saini ombi mtandaoni kutaka msimu wa nane utengenezwe upya na waandishi wengine. HBO, kituo kilichoirusha, haikuutengeneza. Watu wengi waliwacheka waliotia saini, kama walivyochekwa wanawake wa Wete, na hapa pia sikubaliani na wacheka. Lalamiko lao lilikuwa na mwili. Misimu sita ya mwanzo ilikuwa na sehemu kumi kumi. Wa saba ulikuwa na saba, wa nane sita. Katika nafasi hiyo iliyobanwa, Daenerys, aliyekuwa mkombozi wa watumwa, anaugeuzia moto mji mzima uliokwisha kusalimu amri. Wapo watazamaji wengi waliosema wangekubali aanguke, mradi waonyeshwe anavyoanguka. Walichonyimwa ni njia ya kufika pale. Saini milioni na nusu ni watu wanaopiga hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wameshahama.

Kinyume chake ni mwisho wa tamthilia ya The Sopranos, mwaka 2007. Familia imekaa mkahawani, wimbo unapigwa, na katikati ya wimbo kioo kinakuwa cheusi. Basi. Watazamaji wengi Marekani walidhani kebo imekatika. Walisimama kugonga televisheni zao. Mtu wa Pemba anaielewa hisia hiyo pasi na kuelezwa. Mtunzi wake, David Chase, ameulizwa maana ya weusi ule kwa miaka mingi tangu hapo, na kuulizwa huko kwenyewe kunaonyesha kwamba watu walikuwa wanamdai.

Kuna mwisho mwingine ambao kosa lake naliona la ufundi mtupu. How I Met Your Mother, komedi ambamo baba anawasimulia watoto wake alivyokutana na mama yao, ilikwenda misimu tisa, 2005 hadi 2014. Watoto hao walipigwa picha zao za mwisho mapema sana, karibu na msimu wa pili, kwa kuwa watoto hukua. Hadithi ikaendelea kukua na kubadilika, na mwisho ukabaki pale pale ulipofungwa. Ulipofunguliwa haukuingia tena kwenye hadithi. Watengenezaji baadaye waliweka mwisho wa pili kwenye diski. Lile nalihesabu jibu, ingawa lilichelewa.

Wakubwa wa ukumbi walinikumbusha pia Isidingo ya Afrika Kusini, iliyoonekana kwetu kwa miaka mingi kupitia ITV. Ilianza 1998 na ikaishia Machi 2020 kwa sababu SABC, shirika la utangazaji la huko, iliisitisha. Tamthilia ya namna ile haijengwi kwa ajili ya kwisha, na ikikatwa, mtazamaji anabaki kama aliyehamiwa na jirani usiku. Hili silisemi zaidi. Lina kisa chake.

Alichofanya bibi

Bibi ni mzaliwa wa Konde na kwa ujana wake alikuwa akitoa ngano, hadithi za kale. Yeye hakuwa na hamu kubwa na tamthilia. Alikaa na wenzake kwa ajili ya kuwa na wenzake. Ukumbi ulipobaki mtupu ndiye aliyeumia zaidi, na ndiye aliyetafuta dawa.

Alituma watoto nyumba kwa nyumba kualika chai ya alasiri. Palikuwa na mkate wa kumimina, palikuwa na kahawa, na hakuna aliyeambiwa kuna jambo. Walikuja tisa kati ya kumi na mmoja. Walipokwisha kunywa, bibi alimwita binti, akamkalisha katikati ya mkeka, akamwambia asimulie kifo cha Mustafa upya. Asimulie kama ngano, tangu fitina ilipoanza, na asiruke kitu.

Binti alikuwa na hofu, ilionekana mikononi mwake. Akasema, "Paukwa," kwa sauti isiyofika mbali, na wawili watatu wakaitika, "Pakawa." Akasimulia. Dakika za mwanzo walimwacha. Alipofika kwa Rustem mmoja akamlaani Rustem kwa jina la babake. Alipofika kwenye barua ya kughushi mwingine akamsahihisha, akasema barua haikuwa vile, na ukazuka ubishi mfupi ambao binti alishindwa, akairudia ile sehemu kama alivyotakiwa. Kwenye hema walinyamaza wote. Alieleza Mustafa alivyopigana. Alieleza pazia.

Ngano ya kwetu ina namna yake ya kufungwa, na watu wa umri wa bibi hawaifungi vinginevyo. Hata katika ngano zilizokusanywa Unguja na kuchapishwa mwaka 1870 namna hiyo imo: hadithi ikiwa njema, wema wetu sote, ikiwa mbaya, ubaya ni wa peke yake aliyeitoa. Msimuliaji anayatamka maneno haya akiwa amekutazama usoni. Ukitaka kumlaumu, yupo. Ukitaka kumwambia kesho asimalizie vile, unaweza. Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile. Kioo kile ukutani, sekunde chache baada ya Mustafa kukata roho, kilikuwa kinatangaza sabuni. Waliotupeleka mpaka hemani walitoweka pale pale tulipowahitaji.

Binti alifika mwisho. Akasema, "Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa njema, wema wetu sote." Kisha akakwama. Bibi akamsubiri.

"Bibi, siwezi kusema ubaya ni wangu," akasema. "Sikuitunga miye."

Kimya kilikuwa kirefu. Aliyekivunja ni yule yule aliyemwambia amemuua Mustafa kwa ulimi. "Kweli," akasema. "Si wako." Hakuomba msamaha kwa maneno mengine, na binti hakuyadai. Lakini wote waliokuwepo walielewa ni nini kimesemwa, na kuanzia pale mazungumzo yalihama. Walimgeukia mwenye ubaya. Kwa saa nzima walimchambua mtunzi asiyewasikia: kwa nini alimfanya Mustafa mwepesi wa kuamini kiasi kile, kwa nini Mahidevran hakupewa nafasi ya kulia ipasavyo, kwa nini baba alionyeshwa akihuzunika kana kwamba kaonewa yeye. Nilisikia uhakiki mle ukumbini ambao ningefurahi kuusoma gazetini.

Sitaki kuipamba siku ile. Wawili hawakuja, na mmoja wao hajarudi mpaka leo. Neno alilolisema juu ya mama wa binti lilimrudia, na nadhani anaona haya zaidi kuliko anavyoona hasira. Ngano haiwezi kumtoa mtu nyumbani kwake.

Mwisho wenyewe

Fedha zikachangwa tena, na tamthilia ikatazamwa hadi tamati. Cihangir, mdogo wa Mustafa, alikufa mwaka ule ule wa 1553, inasemekana kwa majonzi. Hurrem akafa 1558. Bayezid, mwana mwingine wa Suleiman, akauawa Uajemi 1561, naye kwa amri ya baba yake. Suleiman akafia vitani Szigetvár, Hungaria, mwaka 1566, na kifo chake kikafichwa wiki kadhaa mpaka mwanawe Selim akafika kushika dola.

Nilitarajia vilio kwa Suleiman. Havikuwepo. Walitazama kwa heshima, kama watu walioketi kwenye khitma ya mtu wa mbali. Shangazi aliniambia kwamba kwake yeye tamthilia ilikwisha hemani, na yote yaliyofuata alikuwa anasindikiza. Naona wengi wetu tuko hivyo. Sehemu ya 139 ni mwisho kwa hesabu ya kituo cha televisheni. Mtazamaji ana mwisho wake, pale alipoacha kutumaini, na ukitaka kujua kwa nini amekasirika mwulize habari ya pale.

Sasa wamo kwenye tamthilia nyingine, na wameweka utaratibu. Anayetaka kuujua mwisho anatoka kwenda barazani, anamuuliza binti kwa simu alipo chuoni, na anayoyasikia hayasemi akirudi ndani. Mama yule aliyetaka kujua kama Mustafa anapona ndiye mteja mkubwa. Anasema akishajua nani anakufa ndipo anapoweza kumtazama kwa raha. Usiku wa kifo kikubwa televisheni inazimwa majina yanapoanza kupanda, kabla ya matangazo, na hakuna anayenyanyuka mpaka kila mwenye neno amelisema. Umeme wa akiba unawekwa mapema. Haya matatu nayaunga mkono yote.

La nne ndilo ninalobishana nalo. Shangazi ameweka tenga mlangoni, na kila anayeingia anaacha simu yake humo. Nimemwambia kwamba simu haikuwa na kosa. Kwamba binti aliulizwa, na angekuwa bibi mwenye kukijua kisa kile kwa njia nyingine angeulizwa yeye, na angelaumiwa yeye. Shangazi hajakubali. Anasema mtu mwenye mwisho mkononi hatazami sawa na wenzake, hata akiuficha, na wenzake wanamwona usoni. Nimemjibu kwamba mama anayemuuliza binti barazani naye anaingia na mwisho wake ukumbini, na hakuna anayemwekea tenga. Bado tuko hapo, na ukumbi ni wake.